Neema na Deni Lake

Miongoni mwa maswali ambayo wanadamu wamekuwa wakiyazungumza tangu zama za kale, misikitini na makanisani, barazani kwa wazee na faraghani mwa nafsi zao, liko moja ambalo kila mtu hudhani amekwisha kulijibu, na ambalo wachache mno wamelijibu kwa vitendo: mtu aliyepewa neema ambayo hakuiumba wala hakuinunua, anawiwa nini kwa ajili yake? Mwulize mtoto wa chuoni, atakujibu kwamba anawiwa shukrani. Mwulize bibi kizee, atakujibu vivyo hivyo. Na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Lakini ukiendelea kuuliza shukrani yenyewe ni kitu gani, inakaa wapi na inajulikana kwa dalili gani, utaona majibu yanaanza kuadimika, kwa kuwa wengi wetu tumezoea kutamka maneno mema baada ya kula, na maneno hayo yakiisha kutoka kinywani tunaondoka kana kwamba hisabu imefungwa.

Imamu Ghazali, katika kitabu chake kikubwa cha Ihya, aliigawa shukrani mafungu matatu: elimu, nayo ni kujua kwamba neema imetoka kwa Mwenyezi Mungu, hali, nayo ni furaha ya unyenyekevu inayozaliwa moyoni na elimu hiyo, na amali, nayo ni kuitumia neema katika njia anayoiridhia Yeye aliyeitoa. Mafungu mawili ya kwanza yamesitirika ndani ya mtu, na hapana awezaye kuyapima ila Mola wake. La tatu ndilo litokalo nje likaonekana kwa macho na kushikwa kwa mikono, na hilo ndilo ninalokusudia kulizungumza hapa, kwa kuwa nililikuta katika kisiwa kidogo cha Ziwa Nyanza, likitendwa kila siku na watu ambao wengi wao hawajapata kulisikia hata jina la imamu huyo.

Kisiwa chenyewe ni Ukara. Msafiri akifika Mwanza hupanda meli mpaka Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa lile. Kutoka Nansio huikata Ukerewe kwa njia ya nchi kavu mpaka Bugolora upande wa kaskazini. Na hapo huvuka maji tena mpaka Bwisya, penye gati la Ukara. Sisi tuliozaliwa pwani, ambao bahari kwetu ni kitu chenye chumvi, chenye kujaa na kupwa, hushikwa na mshangao tukisimama mbele ya maji yale yasiyo na mwisho machoni, yenye mawimbi na dhoruba kama bahari, na ambayo mtu anaweza kuyateka kwa kata akayanywa. Wanajiografia hulikadiria ziwa hilo kuwa na kilometa za mraba zipatazo 68,800, na nchi tatu zimeligawana, Tanzania, Uganda na Kenya. Katika upana huo wote Ukara ni kama kilometa za mraba 80 tu.

Na katika ardhi hiyo ndogo wamejaa watu. Katika miaka ya 1960, wakati sehemu kubwa ya Tanganyika ilipokuwa mapori ambayo mkulima aliweza kuyafyeka, kuyalima misimu michache na kuyaacha yapumzike huku yeye akihamia mbele, Ukara ilikuwa na watu zaidi ya 200 katika kila kilometa moja ya mraba. Ardhi yenyewe haikuumbwa na rutuba ya kujivunia: ni udongo mwepesi wa kichanga uliotokana na kuchakaa kwa mawe, na mawe yenyewe yamesimama kila upande, makubwa kuliko nyumba, yamepandana kwa namna ambayo mtu huuliza ni mkono gani uliyapanga. Moja ya mawe hayo, lililokaa juu ya mengine, hutikisika, na wenyeji huliita jiwe linalocheza, nao husimulia matambiko ambayo wazee wao walikuwa wakiyafanya hapo. Wageni wengi huenda Ukara kwa ajili ya jiwe hilo. Mimi nami nililitazama kwa taadhima. Lakini ajabu iliyonikalia moyoni mpaka leo niliikuta ndani ya nyumba ya mkulima.

Mzee aliyenipokea alikuwa mtu wa maneno machache. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniita mwanangu ijapokuwa ndevu zangu nami zimekwisha kuingia mvi, na baada ya kunipa maji ya kunywa akanikaribisha ndani. Humo, katika sehemu iliyotengwa na makao ya watu kwa ukuta mfupi, palikuwa na ng'ombe wawili, wamesimama katika mahali palipochimbwa chini kuliko sakafu ya nyumba, na mjukuu wake, kijana wa makamo ya kwenda shule, alikuwa akiwatupia majani mabichi aliyotoka kuyakata. Ng'ombe wale hawakuwa na malisho ya kwenda kuzurura, kwa kuwa kila pahali pa kuzurura ni shamba la mtu. Basi majani ndiyo yanayowafuata wao. Kisha yule mzee akachukua jembe, akainua pembeni tabaka la juu la majani yaliyokanyagwa, akanionyesha tabaka lililo chini yake, na la chini ya hilo, jinsi kila moja lilivyokuwa jeusi zaidi na laini zaidi kuliko lililolitangulia, mpaka lile la chini kabisa halikujulikana tena kama lilikuwa jani au samadi. Akalichota kwa mkono, akanipa nilishike. Lilikuwa na joto, na harufu yake ilikuwa ya udongo baada ya mvua ya kwanza.

Nikamwuliza kama ng'ombe wake wanatoa maziwa ya kutosha. Akanijibu, "Maziwa ni yetu, mwanangu, nayo ni kidogo. Samadi ni ya shamba. Shamba nalo lina haki yake."

Maneno hayo aliyasema kwa sauti ile ile ambayo mtu hutaja bei ya chumvi, wala hakudhani kwamba amesema hekima. Lakini nilipotoka naye kwenda shambani, nilianza kufahamu kwamba kila kitu nilichokiona katika kisiwa kile kilijengwa juu ya maneno hayo. Samadi hubebwa kwa vikapu kichwani, safari baada ya safari, mpaka ifike shambani. Kwa desturi waliyoipokea kwa wazee wao, Wakara hupanda uwele, na uwele ukiisha kusimama hupanda katikati yake mmea uitwao marejea. Uwele huvunwa ukaliwa, na marejea huachwa yaendelee kukua peke yake mpaka yashibe mvua na jua, kisha hulimwa na kufukiwa yote, majani na mashina, ndani ya udongo. Zao hilo kwao halina chungu linamopikwa. Hupandwa, hupaliliwa, na kuuawa likiwa katika ubora wake, ili ardhi iliyotoa uwele ipate cha kula. Baada ya hapo huja njugu mawe, mtama, na uwele tena. Penye mteremko wamejenga kuta za mawe ili mvua isiushushe udongo ziwani. Na kando ya ziwa huchimba mashimo mpaka yakaribie maji, wakapanda humo majani ya ng'ombe, ili hata kiangazi kikali ng'ombe asikose kula, na samadi isikatike. Siku hizi muhogo umeshika mahali pengi palipokuwa pa uwele, na si kila nyumba inayofuata desturi yote kwa ukamilifu wake. Lakini kuta zimesimama, vikapu vinabebwa, na mtu mwenye macho anaweza kuusoma mpango mzima kama aliouandika mwalimu ubaoni.

Maofisa wa kilimo wa serikali ya Kiingereza waliokwenda huko katika miaka ya 1930 walistaajabu, wakaandika, na wataalamu waliowafuata waliandika zaidi, kwa kuwa walikuwa wamezoea kufikiri kwamba elimu ya kurutubisha ardhi lazima iletwe kwa Mwafrika kutoka ng'ambo. Mshangao wao ulikuwa wa mtaalamu wa udongo. Wangu ni wa mtu anayetafuta maana ya shukrani, na kwa maoni yangu maana hiyo imelala wazi katika mashamba ya Ukara: kushukuru ni kurudisha. Aliyepokea uwele kutoka katika ardhi akasema alhamdulillahi ametimiza adabu. Aliyepokea uwele akarudisha marejea na samadi ameitimiza shukrani yenyewe, hata kama ulimi wake haukuwa na neno lolote la kusema. Ardhi ni amana. Nabii Adamu, katika mapokeo ya dini zetu, hakuwekwa duniani kama mnunuzi aliyelipa akakabidhiwa hati, awe huru kuiharibu mali yake apendavyo. Amewekwa kama khalifa, mtu wa dhamana, ambaye atasimama siku moja kutoa hisabu ya alichokikuta na alichokiacha.

Huenda msomaji mwenye akili kali akanipinga hapa, na pingamizi lake ni zito, nami sitaki kulipita kando. Atasema: watu hawa hawarudishi kwa ajili ya shukrani, wanarudisha kwa sababu hawana budi. Wamebanwa na maji pande zote, ardhi yao ni haba, na asiyetia samadi mwaka huu hatakula mwaka ujao; basi hiyo unayoiita fadhila ni tumbo tu linalojilinda. Na dalili yake atakayoileta ni nzito zaidi: Wakara wengi wamehama kisiwa chao kwa miaka mingi, wakaenda Ukerewe na bara, mahali penye ardhi ya kutosha, na huko, wale wale waliolelewa katika vikapu vya samadi, huacha samadi, huacha marejea, hulima kama wanavyolima jirani zao. Kama ilikuwa ibada, mbona imekoma palipokoma dhiki?

Nilimtolea yule mzee hoja hiyo kwa upole, kwa kuwa alikuwa na jamaa zake bara. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Huko ardhi ni nyingi. Mwenye vingi hahesabu."

Nimeyapima maneno hayo mara nyingi, na naona yana jibu la pande zote mbili. Kwanza, ni kweli kwamba dhiki ndiyo iliyowafundisha Wakara. Lakini asili ya somo haiondoi thamani ya somo. Mtoto huswali kwanza kwa kuamrishwa na mzazi wake, na mtu mzima huanza kuthamini afya kwa kuugua, na hapana mwenye insafu atakayesema kwamba swala ya mtu mzima ni batili kwa kuwa aliianza kwa amri, au kwamba shukrani ya mgonjwa aliyepona si shukrani. Tena dhiki haina jibu moja. Uhaba ule ule wa ardhi umewafanya watu mahali pengine wapigane kwa mapanga juu ya mipaka, wahamishe mawe ya mpaka usiku, waikamue ardhi mpaka ikafa kisha wailaumu mvua. Uhitaji humfikisha mtu mlangoni. Kuingia ni hiari yake. Wakara waliingia, na si mtu mmoja, bali umma mzima, kizazi baada ya kizazi. Tazama kuta zao za mawe: mtu anayejali tumbo lake tu hahitaji ukuta utakaosimama baada ya yeye kuwa mavumbi. Aliyelipanga jiwe la chini alikwisha kujua kwamba atakayefaidi jiwe la juu hajazaliwa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimhimiza mwenye mche mkononi aupande hata kama saa ya Kiyama imemkuta naye, na mimi siujui mfano ulio karibu zaidi na agizo hilo kuliko jasho la mtu anayejengea ukuta watu ambao hatawaona.

Pili, ni kweli pia kwamba wahamiaji huiacha desturi ile, na hapa ndipo ninapoliona tatizo la mwanadamu wote, wala si la Mkara peke yake. Anayehama kisiwani hapotezi moyo wake njiani. Anapoteza kuuona ukomo. Kule kwao, ukomo ulikuwa mbele ya macho yake kila alipoinua kichwa: maji. Bara, akitazama, anaona pori, na nyuma ya pori anaona pori jingine, na nafsi inamnong'oneza kwamba neema hii haina mwisho, basi ya nini kuirudishia? Nafsi humdanganya. Pori lina mwisho, ila mwisho wake uko mbali kuliko macho, na hao watakaoufikia ni wajukuu zake. Naona kwamba kazi kubwa ya imani ni hiyo: kumfanya mtu aishi kwa kuujua ukomo ambao hajaonyeshwa. Mwenye kuamini kwamba iko siku ya hisabu huhesabu hata katikati ya wingi. Asiyeamini hungoja mpaka afike ukingoni, na mara nyingi ukingo humfikia yeye kwanza.

Dalili ya maneno haya siitafuti mbali na Ukara, kwa kuwa mtu akiupa mgongo ukuta wa mawe na kutazama mbele anaona ziwa, na katika ziwa hilo mwanadamu amefanya kinyume cha yote aliyoyafanya shambani. Ziwa Nyanza lilikuwa na mamia ya aina za furu, visamaki vidogo ambavyo Mola alivigawia rangi na tabia mbalimbali, vingine havipatikani mahali pengine popote duniani. Lilikuwa na ningu na ngege, na wazee wanazikumbuka ladha zao. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 akatiwa ziwani sangara, samaki mkubwa, mla wenzake, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote, na nyingi katika zile aina za furu hazikuonekana tena. Sangara akaleta fedha, na fedha ikaleta watu. Viwanda vikajengwa Mwanza. Minofu ikapelekwa Ulaya, na mapanki, mifupa iliyobakiwa na nyama chache, ikawa kitoweo cha wenyeji wa ziwa lenyewe. Baadaye yakaja mabondo, vibofu vya ndani ya sangara vinavyouzwa kwa bei kubwa katika nchi za mbali. Leo sangara mwenyewe, aliyewala wenzake, wavuvi wanalalamika kwamba amepungua. Na wengine, badala ya kumpumzisha, huingia na kokoro, wavu wa kukokota, ambalo sheria imelipiga marufuku, wakalikokota ufukweni katika mazalio, likatoka na mama na watoto na wale ambao bado hawajafikia kuitwa samaki.

Nilisimama katika mwalo mmoja alfajiri, mitumbwi ya dagaa iliporudi na taa zake zimezimwa. Nikawatazama watu wema, wenye bidii, wanaoamkiana kwa heshima na kugawiana bila kinyongo; na kati ya wale walioteremsha mzigo yumkini walikuwapo waliobeba samadi jana yake kwenda shambani mwa baba zao. Mkono ni ule ule. Shambani unarudisha, ziwani unachukua tu. Watu wa siasa watasema sababu ni kwamba shamba lina mwenyewe na ziwa halina mwenyewe. Nami nakubali kwamba sheria na milki zina kazi yake. Lakini nionavyo, sababu iliyo ndani zaidi ni kwamba ziwa linaonekana halina mwisho, na kilichoonekana hakina mwisho hakishukuriwi.

Wazee wa ziwa hili hawakuwa na ghururi hiyo. Waganda walimtaja Mukasa, Wahaya wakamtaja Mugasha, kuwa ndiye mwenye maji na dhoruba zake, na mtu aliyeingia majini aliingia katika milki ya mwingine, kwa hofu na kwa sadaka. Mimi ni Mwislamu, itikadi yangu naijua, wala simwiti mtu arudi katika matambiko. Lakini insafu inanilazimisha niseme kwamba mtu yule aliyetoa sadaka kabla ya kutweka tanga alikuwa amefahamu jambo ambalo sisi, tulio na vitabu na misahafu, tumelisahau: kwamba ziwa lina Mwenyewe. Tumeipata tauhidi kwa ndimi zetu, tukaondoa hofu ya Mukasa na ya Mugasha, na mahali pa hofu hiyo hatukuiweka hofu ya Mwenyezi Mungu. Tumepaacha wazi, na tamaa ikaingia ikakaa.

Na tamaa ya kupita kiasi ina malipo yake, ambayo hayangoji Akhera. Siku ya Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua abiria wapatao 100, kilitoka Bugolora siku ya gulio kikiwa kimejaa watu na mizigo kupita kiasi hicho, kikapinduka karibu kabisa na gati la Ukara, mbele ya macho ya jamaa waliokuja kuwapokea wasafiri. Walikufa watu zaidi ya 220. Siwataji marehemu kwa lawama, Mungu awarehemu wote. Walikuwa watu waliokuwa wakirudi nyumbani na mahitaji yao, na ambaye hana chombo kingine hachagui. Nawataja kwa sababu kila chombo kina ukomo wake, kiwe cha chuma, kiwe cha udongo, kiwe cha maji, na wajibu wa kuulinda ukomo huo uko shingoni mwa waliopewa dhamana kabla ya kuwa shingoni mwa wanyonge.

Limebaki neno juu ya mgeni, kwa kuwa nami nilikwenda Ukara kama mgeni, nikala uwele wa watu na kulala chini ya paa lao. Mgeni naye amepewa neema asiyoinunua, na deni lake ni lile lile. Akirudi na picha na kisa cha jiwe linalocheza, ameikamua ziara kama wengine walivyoikamua ardhi. Aniceti Kitereza, mwana wa Ukerewe, alikwisha kuona katika zama zake kwamba desturi za wazee wake zinapotea, akaketi akaziandika kwa Kikerewe katika kitabu kikubwa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, alichokimaliza mwaka 1945. Akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na baada ya kungoja miaka thelathini na mitano kikapigwa chapa Dar es Salaam mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Alipokea mila kutoka kwa waliomtangulia, akairudisha ikiwa imeandikwa. Huo nao ni ukuta wa mawe, na anayetaka kuvizuru visiwa vile kwa adabu angefanya vema akisome kabla ya kupanda meli.

Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumfukuza mgeni aliyekaa sana. Mimi naiona ni methali ya heshima, kwa kuwa aliyepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumba ile: amekula kwa ukarimu wa wengine, na sasa amepewa nafasi ya kurudisha. Wanadamu juu ya ardhi hii tumekwisha kuipita siku ya tatu zamani sana, na jembe limekuwa mlangoni likitungoja.

Basi nawaomba wasomaji wangu, kila mmoja katika mahali pake. Mkulima uliye na ardhi pana, itendee kana kwamba ni haba, kwa kuwa kwa wajukuu zako itakuwa haba. Mvuvi, liache kokoro, yaache mazalio, umpe samaki mdogo muda wa kuwa mzazi. Ewe uliyepewa mamlaka juu ya mialo na vivuko, kumbuka kwamba dhamana si cheo, ni hisabu. Masheikh na mapadri, mnapohubiri shukrani siku ya Ijumaa na siku ya Jumapili, waambieni watu kwamba shukrani isiyorudisha kitu haijatimia, na muwapeleke wakajifunze kwa wakulima wa Ukara, ambao wameisoma elimu hiyo katika udongo na kuihifadhi kwa mikono yao. Na wewe unayesoma maneno haya ukiwa umekwisha kula riziki yako ya leo, jiulize kabla ya kulala: katika nilichokula, nimerudisha nini?